Watu wa Shamba la Karanga

Jumapili, 4 Mei

Nimepiga pasi sare za kwaya tangu alfajiri. Pasi ya makaa, umeme hakuna. Tumeimba vizuri. Miaka kumi na moja naongoza kwaya hii, leo sauti zilikaa sawa.

Kisha mgeni. Mwinjilisti Daudi, suti ya kijivu, anachechemea. Akasema zamani aliitwa Komanda Radi. Kwaya ikacheka. Mimi sikucheka. Radi ndiye aliyeleta wanamgambo kijijini kwetu, kaskazini, nikiwa na miaka kumi na saba.

Akasimulia mapigano ya siku tatu kando ya mto wetu. Alitaja mto kwa jina. Dawa mwilini, risasi zikigeuka maji, askari wakikimbia. Mwisho Yesu akamtokea. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakalia.

Na mimi nilipiga. Mara mbili, labda tatu. Najichukia.

Jumatatu, 5 Mei

Sikwenda sokoni Panda kuuza. Unga umelala kwenye gunia.

Naandika ilivyokuwa. Askari wa serikali walikuwa wameondoka wiki nzima kabla. Hapakuwa na mapigano, hata ya saa moja. Watu walikuwa shambani wanang'oa karanga. Mimi nilikuwa bwawani natoa mihogo tuliyoloweka. Niliposikia bunduki nilizama kwenye matope, pua tu nje. Nilisikia kila mtu. Mama alimwita kaka yangu Ilunga. Mimi hakuniita. Labda alijua nimejificha. Labda hapana.

Waliuawa wanane. Majembe mikononi. Hiyo ndiyo vita yake.

Jumatano, 7 Mei

Nilimwambia mwanakwaya mmoja tu. Leo jioni mchungaji amekuja na wazee wawili. Mume wangu, Baba Ruth, alikuwa ametoka zamu kiwandani Shituru, akawapa viti.

Wanataka Jumapili nimsamehe Daudi mbele ya watu. Simu zitarekodi.

"Mama Ruth, itajenga kanisa."

Nikauliza kama nitasema pia kilichotokea.

"Kwa kifupi, mama. Kifupi sana."

Walipoondoka Baba Ruth akasema mambo hayo ni ya zamani. Ya zamani kwake. Yeye si wa kwetu. Nimempa chakula.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi ya kwaya. Hakuna aliyeniangalia usoni. Wamechagua wimbo wa kuimba baada ya msamaha wangu. Nimewafundisha mwenyewe sauti ya tatu. Mjinga mimi.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda. Daudi alipiga magoti. Wakanipa maikrofoni.

Nikasema, "Haikukuwa vita. Bale bantu balikuwa banang'oa karanga mu shamba."

Nikaanza majina. Mama. Kaka Ilunga. Kambo Feza, bibi wa jirani. Monga, fundi wa baiskeli. Hapo kinanda kikalia kwa nguvu na kwaya ikaanza kuimba. Kwaya yangu. Maikrofoni ikazimwa. Watu wakainua mikono wakidhani nimemaliza kusamehe. Wanne hawakutajwa.

Nyuma ya kanisa Daudi alinifuata peke yake. Nilingoja akane. Ningejua la kufanya na mtu anayekana.

"Mama, ile ya karanga miye naiotaka mu ndoto kila siku. Haisemeke. Ile ya vita, inasemeka."

"Basi nyamaza," nikamwambia. "Usiseme yote mbili."

Sijamsamehe. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye.

Jumanne, 13 Mei

Wamekuja kuchukua sare. Zote, na yangu. Kiongozi mpya ni yule niliyemwambia siri. Nimekaa na unga wangu sokoni siku nzima. Wateja walikuwa wachache.

Alhamisi, 15 Mei

Saa sita mchana mwanamke amebisha. Ametoka Kambove, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sikumtambua mpaka aliposema jina: Odile, mkwe wa Kambo Feza. Nilidhani alikufa njiani wakati tunakimbia. Ameona video kwenye simu ya jirani.

Hakutaka chakula. Aliuliza neno moja.

"Kama bangekuachia umalize, ulikuwa unaenda kumutaja mutoto yangu?"

Nikakumbuka. Siku ile Odile alikwenda kusaga mahindi akamwachia mama mkwe mtoto. Kambo Feza alikuwa na mtoto mgongoni pale shambani. Miaka yote hii nimemhesabu bibi peke yake. Wanane, nasema. Wanane.

Nimemjibu ukweli. Hapana.

Hakunigombeza. Nimechemsha chai, amekunywa nusu kikombe. Nikatoa daftari hili nikamwomba jina.

Mauwa. Miezi minne. Amelitamka mara mbili, polepole, ili niandike vizuri. Hajui kusoma. Ameniuliza ni lipi, nikamwonyesha. Ameweka kidole juu yake, wino ulikuwa bado haujakauka.