Ngitili ya Katikati ya Mji

Bariadi,
mwezi wa kumi.

Baba yangu mpendwa,

Mwangaluka baba, mwangaluka mama. Naandika asubuhi, kwa hiyo salamu ni ya asubuhi, hata kama itawakuta jioni mkiwa mmechoka na ng'ombe. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Goti lako likoje? Mama aliniambia umekataa fimbo ya kutembelea, eti fimbo ni ya wazee. Sasa baba, wewe ni nani kama si mzee? Fimbo ya kuchungia umeishika maisha yako yote bila aibu, na hii nayo ishike.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe huwa unasema "sawa, sawa" mara mbili, kisha unampa mama. Jambo ninalotaka kukuambia halitoshi kwenye sawa mbili. Najua mama ndiye atakayekusomea. Mama, nakujua, ukifika penye ugumu unaruka. Leo usiruke hata mstari.

Mnakumbuka nilipowaambia nimepata kazi ya kutunza bustani ya wakazi hapa mtaani kwetu. Baba ulicheka mpaka ukakohoa, ukauliza ni Msukuma gani analipwa kumwagilia majani ambayo hakuna ng'ombe atakayeyala. Basi ndiyo kazi yangu mpaka leo. Mahali penyewe zamani palikuwa uwanja wa kununulia pamba, ukuta wake umebaki vipande na lango. Pakaachwa, pakajaa magunia mabovu na mifuko ya plastiki, mpaka watu wa mtaa wakachoka kupaona vile. Wakapafagia, wakaunda kamati, na mwenyekiti wakamchagua Mwalimu Nkwabi. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mwema, ila hawezi kuona karatasi asiisahihishe. Ukimpelekea orodha ya mafagio anairudisha na alama nyekundu.

Mwalimu miche yote aliipanda kwa mkono wake. Mmoja ni mkwaju alioupanda kwa kumkumbuka mke wake, marehemu. Anakuja na ndoo yake kila jioni, anaumwagilia huo wa kwanza, halafu ndiyo anatusalimia sisi wenye roho.

Mwanzoni kazi ilinishinda, baba, nisikufiche. Mbuzi waliingia wanavyotaka. Bodaboda walikata njia katikati ya majani. Wanawake wakaona mabenchi yetu ni ya kuanikia michembe, mtu akitaka kukaa anaambiwa asubiri viazi vikauke. Tukatengeneza kibao cha bati, maandishi makubwa, "Marufuku kuingiza mifugo." Siku ya tatu kibao hakipo. Nikakikuta nyuma ya nyumba ya mama mmoja muuza uji, kimelazwa chini, juu yake michembe. Nikamuuliza, mama, hukuona maandishi? Akanijibu, "Nimeyaona mwanangu, ndiyo maana nimeyageuzia chini, rangi isije ikaingia kwenye chakula." Nilitaka kugomba nikashindwa, nikanunua uji.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Nikajisemea, hawa ni watu wetu, kibao hawakiheshimu, lakini ngitili wataiheshimu. Mwezi wa pili, mvua zimeshika, tukaita mkutano. Nikasimama, nikasema upande wote wa juu wa bustani tuufunge, uwe ngitili. Kwa vijana wa mjini wasiojua nikaeleza ulivyonieleza mimi, kwamba wazee hufunga kipande cha malisho wakati wa mvua, asiguse mtu, na kiangazi kikikaza ndipo kinafunguliwa, ndama na ng'ombe dhaifu wakiingia kwanza. Wazee wakaitikia kwa vichwa kwa furaha. Mwalimu naye akafurahi, maana alichosikia yeye ni kwamba miche yake itapumua.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. Anaitwa mzee Maduhu, anakaa mwisho wa mtaa, zamani alikuwa na zizi kubwa, siku hizi ana ng'ombe jike mmoja tu. Akauliza, akiniita mama kwa heshima, "Mayu, na hii ya kwetu nayo itafunguliwa?"

Wakati huo matone yameanza kulia kwenye mabati, watu wanainuka, Mwalimu ameshakimbilia barazani na karatasi zake kifuani. Mimi nilichokuwa nataka ni mkutano uishe wamekubali. Nikamjibu haraka, "Ngitili ni ngitili, mzee. Lazima ifunguliwe." Akanishukuru, "Wabeja sana," akaondoka na mvua yake kichwani. Moyoni nikajiambia kiangazi kiko mbali, na mzee atasahau. Jibu langu halikuandikwa popote.

Baba, ungeona nyasi zile! Tuliweka miiba kwenye pembe tu, wala si uzio, na hakuna aliyevuka. Hata mbuzi walikuwa wanafukuzwa na watoto wa wenye mbuzi. Nyasi zikafika magotini, ndege wakarudi, jioni watu wa mtaa wanakuja kukaa upande wa chini kutazama tu. Kamati ikanisifu. Nami nilijiona, siwezi kusema uongo. Nilitembea kama mtu aliyegundua maji.

Kisha jua likaja. Mwaka huu limechoma kweli, mpaka vumbi limekuwa jeupe. Asubuhi moja nafika langoni na fagio langu, namkuta mzee Maduhu amesimama na yule ng'ombe wake. Ng'ombe amezaa juzijuzi, mbavu unazihesabu, na ndama anavuta chuchu isiyotoka kitu. Tukasalimiana vizuri, akauliza habari zako bila kukujua, kama wazee wanavyofanya. Halafu akasema, "Nimekuja kuuliza siku."

"Siku gani, mzee?"

"Siku ya kufungua, mayu."

Nikamwambia bado. Nikaenda kumwuliza Mwalimu, Mwalimu akashangaa kweli kweli. Akafungua daftari lake la mikutano, akapitisha kidole. "Hapa imeandikwa kufunga. Kufungua kuko wapi? Hii ni bustani, Kabula, si malisho. Miche haijavuka kiangazi hata kimoja." Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi niliyeahidi, nikaiacha ipite, kwa sababu niliogopa kupoteza kazi yangu. Niliona nikirudi huko kwenu na mfuko mmoja, na shangazi akiuliza kulikoni.

Siku ya pili mzee akaja. Nikamwambia bado. Siku ya tatu akaja, bado. Hakugomba wala hakunikumbusha nilichosema. Alikaa pale nje na kamba mkononi mpaka jua likapanda, akasema "Haya mayu, tutaonana kesho," akamwinua ng'ombe kwa kumsukuma nyuma. Siku ya nne nilipitia upande wa nyuma, nisimkute.

Mama, hapa soma polepole.

Nilipokuwa namwagilia ile siku ya nne, nimeinama, nikakumbuka Bukundi, kwetu kwa zamani. Nikakumbuka mwaka tuliohama. Baba, mnadhani nilikuwa mdogo sikuelewa. Nilikuwa nakufuata nyuma na kibuyu cha maji. Ulikuwa unaenda kwa jirani yetu kila asubuhi, unavua kofia, unamwomba afungue ngitili, na ile ngitili wewe mwenyewe ulikuwa umesaidia kuilinda mvua nzima. Naye anakujibu, bado. Unarudi. Kesho unakwenda tena, unavua kofia tena. Siku aliyofungua, yule ng'ombe wetu mweupe, aliyetunywesha maziwa sisi wote, alikuwa ameshalala na hakuinuka. Ulimchuna mwenyewe. Na baada ya mavuno tukaondoka kwenda Katavi na ng'ombe waliobaki, na mpaka leo sijasikia ukimsema vibaya yule mtu.

Nami nilikuwa nimesimama kwenye lango la bustani, namwambia mzee wa watu neno lile lile, kwa sauti ile ile ya upole. Niliona aibu, baba. Nilikaa chini kwenye majani nikalia, bomba likaachwa wazi, maji yakamwagika hovyo.

Siku ya tano nilifika mapema nikatoa miiba kwa mikono yangu. Mzee Maduhu alipokuja nikamwambia, mzee, ngitili imefunguliwa. Alisimama kwanza. Halafu akavua kofia. Nikamwambia, tafadhali mzee, vaa kofia yako. Tulifuata utaratibu wako, wenye ndama na ng'ombe wagonjwa peke yao, kila mmoja ameshika kamba yake, mbali na miche. Wakaja watu wachache wenye hali kama yake, kwa adabu, bila kusukumana. Yule ng'ombe alikula amepiga magoti, hakuwa na nguvu ya kusimama na kula kwa pamoja. Jioni alitoka anatembea mwenyewe.

Lakini jambo jema nalo lina gharama. Mchana ndama mmoja alikata kamba. Tulimkimbilia, wapi. Kati ya miche yote ile alikwenda kwenye mkwaju wa mke wa Mwalimu, akaukata karibu kabisa na ardhi. Mwalimu alipokuja na ndoo yake alikuta kijiti. Hakunifokea. Alimwaga maji pale pale kama kawaida, akaondoka bila kunitazama, na ningependa zaidi kama angenifokea.

Mkutano ukaitwa Jumapili baada ya ibada. Ajenda ilikuwa moja, msimamizi amefungua bustani bila ruhusa ya kamati, je aendelee au aachishwe. Mtaa mzima ulikuja. Mwalimu akauliza ni nani aliyewaambia watu kwamba pale patafunguliwa, maana kwenye daftari hakuna.

Mzee Maduhu akasimama kabla yangu. Akasema, "Mwenyekiti, huyu binti msimwonee. Labda ni mimi nilijiahidi mwenyewe. Njaa ya ng'ombe humfanya mtu aamini mengi."

Baba, alikuwa ananiokoa. Mtu niliyemrudisha siku nne, amesimama mbele za watu anajifanya mzee asiye na kumbukumbu ili mimi nisikose mshahara. Na mlango ulikuwa wazi. Ningekaa kimya tu ningepona. Nikasimama.

Nikasema, "Mzee hakujiahidi. Aliniuliza mbele ya mkutano, mvua ikianza, nikamjibu itafunguliwa. Nilisema hivyo ili mkubali. Halafu nikamzungusha siku nne, nikamficha Mwalimu. Mkwaju umekatwa mikononi mwangu. Mkiniachisha ni haki yenu, lakini mzee msimwite msahaulifu."

Yule mama wa uji alikuwa anafuta macho na kanga. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nilishaanza kufikiria nauli. Halafu akafungua daftari lake, akaandika kwa muda, na bila kuinua kichwa akaniambia, "Mzizi upo, utachipua. Lakini mwakani, Kabula, uniambie wiki moja kabla, niuzungushie miiba."

Mwakani, baba. Ndivyo nilivyojua kwamba kazi ninayo. Ajenda ikaishia hapo, watu wakaanza kubishana kuhusu michembe kwenye mabenchi.

Sasa nakuja kwenye neno langu hasa. Kwenye harusi ya dada nilikuita mkaidi mbele ya wageni, kwa sababu ulikataa kuja kutazama ulikozaliwa. Nilisema unakumbatia hasira za zamani. Nisamehe. Sikujua uzito wa kuvua kofia kila asubuhi kwa ajili ya kitu ulichokuwa na haki nacho. Sasa nimesimama upande wa pili wa lango, nimeuona. Siombi urudi Bukundi. Nasema tu kwamba hapa Bariadi ipo ngitili moja ndogo, kati ya nyumba na maduka, na kwamba daftari la mkutano sasa lina mstari unaosema itafunguliwa. Mstari huo ni wako, ingawa mwandiko ni wa Mwalimu. Ukitaka kuuona, nitakuja kukupokea stendi.

Nisalimieni dada Holo na shemeji, na huyo mpwa wangu mpya aliyezaliwa, maana nasikia amepewa jina la babu na tayari anadai heshima. Kaka Masunga mwambieni nyasi anazozisifu huko Katavi zisimfanye asahau kuoa. Shangazi mwambieni sirudi na mfuko mmoja, asubiri. Bibi mkimpelekea maziwa mwambieni namkumbuka kila nikinywa uji usio na maziwa.

Mama, asante kwa kusoma yote. Ukimaliza, mwachie baba barua aishike mwenyewe, hata kama hasomi.

Baba, kwa siku nne nilikuwa yule jirani. Siku ya tano nilikumbuka mimi ni mtoto wa nani.

Binti yako,
Kabula