Ubao wa Kidato cha Tatu

Butiama, Jumanne

Wananchi wote wanatangaziwa rasmi kwamba ubao wa Kidato cha Tatu umefutwa. Bendera zipepee nusu mlingoti.

Nimechoka. Karatasi hakuna, kwa hiyo hesabu zangu za gesi yenye umeme ndani ya sumaku nazifanyia ubaoni baada ya vipindi. Unaanza na mwendo wa chembe moja, unachukua wastani wa chembe zote, mpaka ufikie mlinganyo wa jinsi joto linavyosafiri. Wiki tatu sasa. Profesa wangu Dar es Salaam anausubiri mwezi huu, la sivyo jina langu linakatwa chuoni.

Leo Mwalimu Nyangi wa Jiografia akaingia na ramani yake, akafuta.

"Si ungeandikaga 'usifute', Mwalimu Magesa! Mimi nikajua ni mambo yameisha."

Nikamnunia kutwa nzima, mtu mzima na kipara changu. Jioni kaja nyumbani na kalenda yake ya ukutani. Kawauliza wanafunzi mmoja mmoja nani anakumbuka nini, kaandika yote nyuma ya kalenda. Macho yake mekundu. Nikaipokea kama askofu anayepokea sadaka.

Ukweli ni kwamba kosa la hesabu zangu nililiona asubuhi. Juu nilisema chembe zinazunguka mara nyingi kabla ya kugongana. Chini nikahesabu kana kwamba zinagongana kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Wiki tatu bure. Nyangi alipoinua kifutio nilikuwa mlangoni, namwona. Nikanyamaza, nipate mtu wa kumlaumu.