Ndevu za Kaizari

Plovdiv, 4 Februari 1998

Mdogo wangu Iliya,

Hujambo? Mkeo Milena, kifua kimepoa? Mimi mzima, isipokuwa goti.

Sarafu imefika. Miaka thelathini nakusanya za bandia na za kawaida zilizochongwa upya ili zionekane adimu, mpaka wauzaji wa gulioni wananiita Mama Feki. Leo nimeshika ya kweli, ya kaizari mwenye ndevu aliyetawala wiki tatu tu! Kumbe baba aliifukua kwa jembe akipalilia mizabibu, akaificha asinyang'anywe, nawe ukaikuta juzi darini. Nimeandika cheti cha kuithibitisha na kutia sahihi. Chama chetu cha wakusanyaji kimeipokea kwa makofi.

Dada yako,
Radka

Veliko Tarnovo, 19 Februari 1998

Dada Radka,

Salamu nyingi. Sisi wazima, Milena anakohoa kidogo tu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nitumie nakala ya hicho cheti, niiweke ukutani.

Mdogo wako,
Iliya

Plovdiv, 11 Juni 1998

Iliya,

Natumaini mko salama. Mimi silali vizuri.

Amekuja mtu kutoka Ruse, dereva mstaafu, na sarafu kama ile, na nakala ya cheti changu. Wiki hiyohiyo akaja mwingine, wa Sofia. Nimeziweka zote tatu chini ya kioo cha kukuzia. Si yule wa wiki tatu; ni kaizari mwingine, kijana asiye na ndevu, ambaye sarafu zake zimejaa kama maharage. Mtu amemchongea ndevu shavuni, unywele mmoja mmoja, na mkono ni uleule.

Wewe kazi yako ni kuchonga mihuri. Niambie kwamba nawe ulidanganywa. Nitakuamini.

Dada yako,
Radka

Veliko Tarnovo, 2 Julai 1998

Dada yangu,

Usiku na mchana nakuwaza. Nimezichonga mimi. Baba hakufukua kitu.

Miaka yote hii watu wanabisha hodi kwako kuuliza ipi ni ya kweli. Mimi nachonga mihuri ya ofisi na majina ya makaburini, nani anatazama? Nilitaka kazi yangu moja ipite mbele ya macho yako. Uliposema ni ya kweli, nililia. Basi ingeishia hapo. Wanunuzi wakaja, nikashindwa kuacha.

Nakuomba kitu kimoja. Sema ulikosea. Una miaka sitini na saba. Watu humsamehe bibi kwa macho yake. Mimi hawatanisamehe.

Mdogo wako,
Iliya

Plovdiv, 20 Julai 1998

Iliya,

Goti halijambo. Jana nilipanda ngazi za chama bila fimbo.

Nikasimama mbele ya wanachama wenzangu. Mzee Toma alinirahisishia, akasema, "Radka, uzee huo, sote tunafifia." Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu, nikarudi nyumbani.

Nikawaambia macho yangu hayana kosa. Mkwaruzo wa shavuni niliuona siku ya kwanza. Nikajiambia ni jembe la baba. Sikutazama tena, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema. Hilo ndilo kosa langu, na nimelikiri.

Wakaniuliza ni nani. Nikataja jina lako, la baba na la ukoo. Yule dereva aliomba nimwandikie ili apeleke polisi. Nikamwandikia, nikatia sahihi.

Milena nimempigia mwenyewe, asisikie mtaani. Alilia, hakunitukana.

Usiniandikie.

Radka