Aimable, Jina la Kezia Limerudi

Aimable mwanetu, Jumapili hii mwaka unatimia tangu ututoke. Ninayeandika ni mimi baba yako, Nazaire, kwa niaba ya nyumba nzima. Mama yako amesoma na kufuta mistari miwili aliyosema inanipendelea. Iliyobaki amekubali ni kweli.

Kwa wasiokufahamu: ulizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kigoma, ukaja Texas ukiwa na miaka tisa, na kazi yako ilikuwa kuteleza kwenye barafu. Si kwa kujifurahisha. Mashindano ya wawili wawili, mvulana anamnyanyua msichana juu ya kichwa huku wanakwenda mbio juu ya vyuma vyembamba kama kisu cha mezani. Watu wa parokia walinicheka. "Nazaire, Mrundi na barafu wapi na wapi?" Ilianza kwa sababu mama yako alitandika vitanda katika hoteli moja ya Dallas iliyopakana na uwanja wa barafu, na hatukuwa na mtu wa kukuangalia. Ulikaa pale kwenye benchi likizo nzima, hadi mzee aliyekuwa akinoa vyuma vya viatu vya kutelezea akachoka kukuona, akakupa jozi.

Alfajiri nilikutoa Irving nikakupeleka mazoezini kabla ya shifti yangu ya kuendesha mashine ya kubebea mizigo ghalani. Ulikula ugali wa jana na maharage ndani ya gari, na ukamwaga. Doa bado lipo kwenye kiti. Ella dadako alitaka tupeleke gari likasafishwe, nikamwambia aliache kama lilivyo.

Ulikuwa na nguvu, jamani. Ulimnyanyua mama yako jikoni na mwiko wake mkononi, naye anapiga kelele, "Niweke chini, mwana wewe, mchuzi unaungua!" Ulikuwa mpole hata kwa watu waliokuudhi. Hilo hukulitoa kwangu.

Ulipofika miaka kumi na saba, kocha akakupa mwenzako, Kezia, binti wa Kitanzania wa Carrollton, miaka kumi na mitano. Nikasema hapana. Kijana hawezi kumshika binti wa watu kiunoni bila wazazi kujuana. Kwetu mtu anakwenda kwanza kwao. Nikavaa koti, nikamchukua mzee Lambert awe msemaji, tukabeba kreti la soda. Wewe ulijifunika uso na kofia ndani ya gari. "Baba, please. Watatuelewa vibaya."

Walituelewa vibaya. Mama yake Kezia, dada Clara, alipoona koti, kreti na msemaji, akasimama mlangoni. "Jamani! Mwanangu yuko darasa la tisa, nanyi mmekuja kuposa?"

Lambert akavua kofia. "Hapana, mama. Tumekuja kuomba ruhusa ya kumbeba."

Clara alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Kisha akafuta macho, akaniangalia mimi. "Sawa, Baba Aimable. Na akimwangusha?"

Nikasema, "Hataanguka chini. Akianguka, ataangukia juu ya mwanangu." Nilisema kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, na ulinisikia.

Miaka minne mkateleza pamoja. Mlihesabu kwa Kiswahili kabla ya kila kunyanyuana, moja, mbili, tatu, hupi, hadi kocha Mmarekani naye akawa anahesabu hivyo hivyo. Mwaka wa tatu mlipata nafasi ya tatu jimboni, mwaka wa nne ya pili. Mama yako alikushonea nguo zote, pamoja na ile suruali iliyokubana hadi nikawaambia watu wa kanisani ni yunifomu ya kazi.

Halafu Houston. Mashindano yale ndiyo yangewapeleka kwenye ubingwa wa taifa. Mimi nilikuwa ghalani, sikupata ruhusa. Nilichosikia kwa simu ni kwamba Kezia amekuangukia, bega lako limevunjika vipande vitatu, na daktari amesema hutanyanyua mtu tena. Miezi mitano baadaye nikasikia Kezia amehamia Houston na anateleza na kijana mwingine.

Nilikasirika, mwanangu. Nikasema amekuvunja, kisha amekuacha. Nikakataza jina lake lisitajwe nyumbani, na nyie mkatii. Wewe ukaenda kunoa viatu na kuendesha gari la kulainisha barafu, ukawa unafundisha watoto wadogo kuanguka bila kuumia. Nilikutania kwamba sote wawili sasa ni madereva wa mashine zisizotoka nje ya jengo. Ulicheka. Siku Kezia alipoteleza kwenye mashindano ya taifa, ulijifungia bafuni na simu saa nzima, nami nikakuchemshia tangawizi nikidhani ni tumbo.

Ilipokuja saratani ya ini, miezi saba tu, kila Jumamosi kuna mtu alipiga simu. Mama yako akasema ni wa kanisani.

Kwenye mazishi, Ella alikuwa ameandika orodha ya ndugu watakaoitwa kuweka maua. Jina la Kezia lilikuwemo. Nikachukua kalamu nikalikata. Padri akasoma majina yote, Kezia akabaki amesimama karibu na mlango wa kanisa na ua lake mkononi, Clara pembeni yake. Wakaondoka bila hata kunywa maji.

Nyumbani mama yako, Marie-Goretti, ambaye hajawahi kunipazia sauti tangu kambini, akafunga mlango wa chumba.

"Mimi nilikuwepo Houston," akasema. "Chuma cha Aimable kiliteleza. Cha Aimable, si cha Kezia! Binti alikuwa anakwenda chini kwa kichwa. Mtoto wako akajitupa chini yake, makusudi. Ulipompa Clara neno lako, nani alilitimiza?"

Nikauliza mbona hakuniambia.

"Nilijaribu kukwambia siku ile ile. Ukasema hutaki kusikia jina lake. Na huyo kijana wa Houston, Aimable ndiye aliyempigia simu kocha wake. Kezia alilia, hakutaka kwenda. Aimable akamsukuma aende. Na zile simu za Jumamosi zilikuwa zake."

Nililia, Aimable. Ulikuwa umeshalazwa chini ya udongo wa Texas, na hapakuwa na mtu wa kumwomba msamaha isipokuwa yule niliyemfuta.

Nikavaa koti lile lile. Nikamchukua Lambert, tukabeba kreti la soda, tukaendesha kwa saa nne hadi Houston. Safari hii msemaji hakusema kitu. Nilisema mwenyewe, mlangoni, kwamba nimekosa. Clara, aliyekuwa amekuja kumtembelea binti yake, alitazama chini. Kezia akatoka ndani, akasimama mbele ya mama yake.

"Ulinifuta mbele ya watu, Baba Aimable," akasema. "Unirudishe mbele ya watu." Kisha akashika upande mmoja wa kreti. "Ingieni. Soda zimeshapata moto."

Basi ndiyo maana nimeandika mimi, na ndiyo maana nimeandika hapa, mbele ya watu wote wanaosoma. Misa yako ni Jumapili saa nne asubuhi, na maua yataletwa altareni kwa kufuata majina haya. Hatutakusahau, mwanetu, maisha yetu yote:

Baba yako, Nazaire.
Mama yako, Marie-Goretti.
Dada yako, Ella.
Mzee Lambert, msemaji wetu.
Mama Clara wa Carrollton.
Na Kezia, uliyembeba, ambaye hakuanguka chini.