Uso wa Mama Darasani

Mdogo wangu Maringo,

Salamu zikukute huko huko ulikojificha. Sisi tupo. Bomba la uani limetengenezwa, na mama yetu siku hizi ni mwanafunzi! Anasoma Kiingereza apate kazi ya kutunza wagonjwa wa kigeni.

Juzi nilimsindikiza. Mwalimu alikuwa akifundisha maneno ya kinyaa: "yuck", "disgusting", "it turns my stomach", yaani roho inanichafuka. Kila mtu aliambiwa ayaseme huku amekunja uso. Mama aliyatamka vizuri kuliko wote, lakini uso wake ukabaki mtulivu kama anayekaribisha wageni.

"Mama, kunja pua basi!" mwalimu akamsihi. Darasa zima likacheka.

Mama naye akacheka. "Mwanangu, maneno nitakupa, uso huo sina. Mume wangu ana kidonda mgongoni. Kila nikikifungua, ananitazama usoni aone kama yeye bado ni mtu."

Mimi niliona fahari hadi machozi yakanitoka.

Ndiyo, kidonda cha baba kimezidi. Jana nilikisafisha mimi. Harufu unaijua, si ndiyo iliyokukimbiza? Baba hakuuliza kidonda kikoje. Aligeuza shingo, akanitazama usoni.

Anakuulizia kila siku. Njoo, mdogo wangu. Ila kabla hujapanda gari, simama kwanza mbele ya kioo ujifunze uso wa mama.

Ni mimi dada yako, ninayejifunza bado.