Risasi Iliyobaki kwenye Bastola ya Tonton Kibwe

Mtaa wa Forest, Jumanne, Novemba 1996



Leo Tonton Kibwe, mjomba wa heshima tu, mlinzi wa duka la vito, alileta bastola yake kwenye karakana yetu ya silaha. Alitaka nimtolee vipande vya plastiki vya kulengea shabaha ilivyotoka navyo kiwandani, nimwekee vya chuma. Kazi ndogo. Ila bastola ile haifunguki mpaka kwanza uvute kifyatulio.

"Iko vide, mutoto yangu, haina kitu," akasema. "Chargeur, ile kisanduku ya risasi, niliitoa mimi mwenyewe."

Nikamwamini, mtu mzima vile. Kidole kilishafika kwenye kifyatulio, mtutu ukimwelekea tumboni. Sijui nini kilinizuia. Nikavuta kwanza sehemu ya juu irudi nyuma, na risasi moja iliyokuwa imebaki mtutuni ikaruka, ikadunda mezani.

Tonton akatafuta kiti.

"Jana nilitaka kuifungua mwenyewe kwa nyumba," akasema polepole. "Muke yangu alikuwa mbele yangu, anachambua mchele. Akanifukuza, eti nitachafua kitambaa chake cha meza."

Bosi sijamwambia. Nitaanzia wapi?

Miaka sita kwenye kazi hii, na leo nusura nimuue mtu kwa kumheshimu.