Masikio ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Boti mbili leo. Ya mbao imekataliwa, ya faiba imepita. Nekesa nimemfuta pua mara nne.

Ndiyo kazi yetu hapa Majanji. Mtu akitaka kununua boti iliyotumika, anamwita Baba Mkwe kwanza. Baba anaigonga na nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma. Pazima panalia ti. Palipooza panalia du, kama kibuyu. Lakini Baba hasikii tena. Mwaka jana sufuria ilinianguka nyuma yake, hakugeuka. Akaniona nimejua. Akasema tu, "Athieno, kuanzia kesho utakuja ufuoni na mtoto." Basi yeye anagonga, mimi nasimama kando nimembeba Nekesa. Ikilia du, namfuta mtoto pua. Baba anaona, anaweka chaki hapo.

Leo mama mmoja wa samaki kauliza, "We mama Nekesa, huyu mtoto ana mafua ya boti?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka sana, na hakusikia hata neno. Nilimhurumia.

Mimi mtu wa Kirewa, mtoto wa mtama. Maji niliyajua ya kisima tu, na shule niliachia la sita. Sasa najua boti inasema nini. Siku moja nitashika nyundo mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Boti ya Mangeni, tajiri wa hapa, imefika juu ya lori, imepitia Tororo. Boti ya raha, zamani ilikuwa ya hoteli fulani. Ina chumba ndani, kitanda, madirisha ya kioo, choo hata. Rangi mpya, inang'aa kama sahani ya bibi harusi. Mangeni anataka ibebe watu mpaka Sio Port, upande wa Kenya. Anaizunguka huku ameshika mikono nyuma kama waziri.

Baba hataki rangi mpya. Alisema rangi mpya ni kama mtu anayekusalimia mara mbili.

Tutaikagua Alhamisi. Nekesa ana joto kidogo.

Jumatano, 5 Machi

Joto limepanda. Ametapika kila kitu. Nakwenda Masafu na pikipiki. Nilimwonyesha Baba mtoto, nikamwonyesha boti, nikatikisa kidole. Asubiri. Alikubali kwa kichwa.

Mungu, huyu mmoja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Malaria. Dripu kwenye mkono mdogo hivyo. Walitafuta mshipa mara tatu na mimi nimemshika miguu. Sitaki kuandika.

Ijumaa, 7 Machi

Amenyonya! Joto limeshuka. Tumeruhusiwa. Njia nzima niliimba.

Halafu nimefika ufuoni nikaona boti ya Mangeni ina alama ya lami. Alama ya Baba. Imepita.

Hakusubiri. Mama wa samaki kasema Mangeni alimsumbua jana tangu asubuhi. Alimgonga kifuani kwa kidole, akamwambia mzee umeanza kuogopa kazi? Wengine wakacheka. Baba akachukua nyundo, akaigonga yote peke yake, taratibu, kama mtu anayesikia. Akapaka lami.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana watu walipokwenda kula, nilikwenda na kijiko. Nekesa mgongoni. Mbele, ti. Pembeni, ti. Nikafika nyuma, pale injini inafungwa.

Du.

Nikagonga tena juu, chini, kushoto. Du, du, du. Faiba ni ngozi tu. Ndani yake kuna mbao, na mbao hizo zimelewa maji. Siku injini itavuta kwa nguvu, nyuma yote itachanika.

Boti inaingia majini Alhamisi. Mangeni amealika watu wapande bure, wamama wa kanisa na watoto wao. Baba naye atakuwemo. Ndiyo desturi yake, boti aliyoipitisha anapanda safari ya kwanza. Anavua viatu anakaa nyuma, miguu mitupu kwenye sakafu. Anasema maji husalimia miguu kwanza.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Wandera, mume wangu. Yuko Malaba, anapakua trela. Nimemwambia yote, na habari ya masikio. Akasema, "Najua hasikii. Ni baba yangu, nitakosa kujua? Lakini usimvue nguo mbele ya watu, Athieno. Kazi hiyo ndiyo utu wake."

Nikamuuliza na watoto watakaopanda? Simu ikakatika. Au aliikata.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwandikia Baba. Kusema naye kwa sauti haiwezekani, mji mzima utasikia. Kusoma anasoma, Biblia anaisoma kila jioni. Nimechana karatasi kwenye daftari hili. "Baba, shikamoo. Boti ya Mangeni imeoza nyuma, nimeigonga na kijiko. Nisamehe. Ni mimi mkweo." Kumpa mkononi siwezi, mkwe hamgusi mkwe. Nimeiweka kwenye kigoda chake, nikapiga magoti, nikaondoka.

Niliangalia kupitia mlango wa jiko. Amesoma. Amekunja mara nne, ameiweka mfukoni mwa shati. Akaendelea kumenya muhogo.

Jumanne, 11 Machi

Amekula. Amempakata Nekesa muda mrefu, akamshika pua na vidole viwili.

Jumatano, 12 Machi

Hajasema kitu. Nina hasira naye. Amwambie maneno mawili tu, nimekosa Mangeni, nimekosa. Kwa nini mdomo wa mwanaume ni mzito hivi?

Nimeapa. Wakipanda nitapiga kelele. Anifukuze.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika ili mikono iwe na kazi.

Watu walikuwa wengi. Vitambaa vya kichwa vipya, watoto wamepakwa mafuta. Nilisimama mbele kabisa, kelele iko tayari kooni. Baba akapanda wa kwanza. Akavua viatu, akaviacha mchangani, akageuka akasema kwa nguvu kama wanavyosema wasiosikia: "Safari ya kwanza ni ya fundi peke yake!"

Mangeni akasema, "Tangu lini, mzee? Mbona desturi inazaliwa leo?" Watu wakacheka. Baba akawasha injini mwenyewe. Aliniangalia. Hakuangalia mwingine.

Aliipeleka mbali kidogo, akavuta kwa nguvu. Alivuta makusudi, najua. Tuliona mbele ya boti inainuka kama mbuzi. Nyuma ikaachana na injini. Kuzama hakukuchukua hata muda wa kusema sala ya Baba Yetu.

Mitumbwi ilimtoa. Anapumua, lakini kifua kinakoroma. Yuko Masafu. Nami niko Masafu tena.

Niandike ukweli. Niliapa nitapiga kelele watu wakipanda. Hawakupanda. Nikanyamaza. Kwa mtu mmoja nilinyamaza.

Ijumaa, 14 Machi

Wandera bado yuko njiani. Hakuna mwanamke mwingine wa kumuuguza, mama mkwe alishakufa. Muuguzi akasema, "Dada, mwinue kichwa, mpe maji." Nikasema ni baba mkwe. Akasema, "Ni mgonjwa."

Nikamshika. Kichwa chake ni chepesi. Maji yakamtoka puani, nikachukua kitambaa cha Nekesa nikamfuta. Akafungua macho. Akaangalia kitambaa, akaniangalia mimi, akacheka kwa shida.

"Nimeoza?"

Nikatikisa kichwa. La, Baba. Mzima.

Nilidanganya. Nilikuwa nimesikia kifua chake.

Jumapili, 16 Machi

Amekwenda alfajiri. Wandera aliwahi. Karatasi yangu ilikuwa mfukoni mwa shati lake, wino umeyeyuka wote. Imebaki mikunjo.

Jumatano, 19 Machi

Tumemzika. Seremala alipoleta jeneza niligonga mbao zote kwa kidole. Shangazi aliona, akadhani nimechanganyikiwa. Ti, mpaka mwisho.

Mangeni akaja kaburini, analia, anauliza mbele ya watu wote, "Fundi kama huyu, ilimpitaje?" Kelele niliyoimeza Alhamisi ikatoka. Nikasema Baba hakuwa anasikia. Masikio yalikuwa mimi. Mtoto aliugua nikaenda hospitali, na nyinyi mkamcheka mpaka akagonga bila masikio. Aligundua kosa lake, akaenda nalo mwenyewe ili watoto wenu wabaki.

Wandera akaondoka pale. Shangazi anasema nimevunja miiko miwili, kumgusa na kumsema, kuku wa kutakasa ataletwa. Amlete.

Jumatatu, 24 Machi

Wandera amerudi Malaba. Hatujaongea tangu mazishi. Nekesa anatambaa mpaka mlango wa babu yake, anapiga mlango, anasubiri.

Ijumaa, 4 Aprili

Wandera amekuja. Ametoa kitu kwenye begi, ameweka mezani. Nyundo ya Baba. Wavuvi waliikuta majini, kwenye kina kifupi. Ametia mpini mpya. Amesema, "Yule mama wa samaki amepata boti ya mbao kule Sio Port. Anasema hanunui kabla hujaigonga."

Nililia. Akamchukua mtoto.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumekwenda Sio Port, nimegonga mwenyewe. Sikuharakisha. Kuna ubao mmoja ulilia nusunusu, nikarudi kwake mara kumi. Ukalia ti. Nikapaka lami. Alama imekaa upande.

Yule mama akasema, "Haya, fundi, tangulia." Nekesa amebaki ufuoni na baba yake. Nikavua ndala nikaziacha mchangani. Nikakaa nyuma.

Ziwa lilikuwa tulivu. Mimi niliangalia miguu yangu tu, njia nzima.

Imefika mikavu.